Mzee Lukmani na Machela Iliyosimama

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Lukmani Mujuni anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike habari zake kwa sababu miaka kumi na tisa tumesukuma machela pamoja, yeye kichwani, mimi miguuni. Niliishia darasa la saba, basi mnivumilie.

Mzee Lukmani alizaliwa Kimwani, wilaya ya Muleba. Alianza kazi hapa kwa kufyeka majani na kuchota maji ya wodini, na mwaka 1996 akapewa machela. Ilikuwa na gurudumu moja bovu, likipiga kelele mpaka wagonjwa wanaziba masikio. Alilipaka mafuta ya kupikia aliyotoka nayo nyumbani Buhembe, na mkewe, Mama Nuriat, alikuwa akilalamika kwamba machela inakula kuliko watoto.

Hajawahi kuangusha mgonjwa. Alijiangusha mwenyewe mara moja, siku mvua ilipoingia koridoni, lakini machela aliishikilia akiwa amekaa chini kwenye maji, na mgonjwa ndiye aliyempa pole.

Kuna kisa kingine mnakijua. Mapema mwaka 2023 tulikuwa tunampeleka upasuaji mzee mmoja wa Muleba, Mzee Ildefons. Alikuwa amefumba macho, hatikisiki. Mzee Lukmani akasimamisha machela na kuita madaktari kwa sauti. Wakaja mbio. Mgonjwa akafumbua jicho moja, akasema, "Niacheni nimalize rozari yangu, limebaki fungu moja." Tulicheka wiki nzima. Tukamwita Mzee Lukmani "daktari wa korido". Uongozi haukucheka. Alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha upasuaji, na iliandikwa kwamba akirudia, kazi hana. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Miezi sita baadaye, Alhamisi moja ya Agosti, akaletwa Nasma.

Nasma alikuwa na miaka tisa, darasa la nne, na mzani ulisoma kilo hamsini na nane. Alikuwa amesinzia darasani, akaanguka kutoka kwenye dawati na kuvunjika mkono. Haikuwa mara ya kwanza kusinzia. Shuleni walishamwita mvivu na kumchapa. Mama yake, Siti, alitueleza hayo pale koridoni huku akimpepea kwa khanga. Mtoto alikuwa amechomwa sindano kali ya maumivu, amelala chali kwenye machela, anakoroma. Siti akatabasamu. "Ndiyo usingizi wake huo," akasema. "Anakula, anashiba, anakoroma. Bibi yake anasema nyumba yenye mtoto kama huyu haina njaa."

Na mimi nikasema hewala, mtoto ameumbika. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Sisi huku ndivyo tunavyosifia.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa bado umefungwa, tukawa tunasubiri. Mzee Lukmani alikuwa na tasbihi mkononi, anamtaja Mungu kimyakimya kama kawaida yake. Mara mkoromo ukakatika. Mimi nilifurahi kwamba mtoto ametulia. Yeye aliendelea kuvuta punje, lakini macho yake yakahamia kwenye kifua cha mtoto. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinahangaika, na hewa haitoki. Akamwekea kiganja puani. Hakuna kitu. Punje ya kumi na nne, Nasma akashtuka, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani, akaendelea kukoroma.

"Hivi huwa anafanya?" Mzee Lukmani akamuuliza Siti.

"Kila siku, waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Ni ndoto tu."

Mkoromo ukakatika tena. Safari hii punje kumi na nane.

Hapo mlango ukafunguliwa. Sista Annastella, msimamizi wa chumba cha upasuaji, akatuita tuingie, maana wataalamu wameshanawa na wagonjwa wengine watatu wako kwenye orodha. Mzee Lukmani akakanyaga breki ya machela.

"Haingii," akasema. "Akilazwa kwa nusu kaputi haamki huyu."

"Daktari wa korido ameanza!" Sista akasema. "Mzee, unataka barua ya pili?"

Mzee Lukmani akavuta punje nyingine ya tasbihi. Alikuwa anahesabu. Nilikuwa miguuni, nimeshika chuma. Niliiona barua ile kichwani mwangu, nikaona na yangu inafuata. Nikamwambia, "Mzee Lukmani, sukuma. Tafadhali, sukuma." Nikaegemea machela kwa nguvu zangu zote. Breki ikakatalia.

Punje ya ishirini na tatu. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Siti aliacha kupepea.

"Niitieni Julius!" Mzee Lukmani akapaza sauti, na mikono yake tayari ilikuwa inamwinua mtoto akae. "Mwiteni aje asikie mwenyewe!"

Julius ni mtaalamu wetu wa kutoa dawa ya usingizi. Alitoka na glavu mkononi, amekunja uso. Akainama, akasikiliza, na hasira ikamtoka usoni. Akaomba oksijeni haraka, akamfunga Nasma kidoleni kipimo cha oksijeni ya damu. Kilisoma sabini na sita. Nawaambia ukweli, nilikuwa sijui namba ile ina maana gani, nilijua kwa jinsi Sista Annastella alivyokimbia kufuata mtungi.

Mtoto alipona. Mkono wake ulinyooshwa baadaye kwa kuchomwa ganzi ya mkono peke yake, amekaa, macho wazi. Julius alitueleza kwamba mafindofindo yalikuwa makubwa, na mwili mnene unaibana njia ya hewa mtoto akilala, zaidi akiwa chali na sindano ile ya maumivu. Kwa hiyo Nasma hakuwa akipumzika hata akilala saa kumi. Alikuwa akipigwa kwa ugonjwa. Alikwenda Mwanza, akatolewa mafindofindo. Uzito unashuka taratibu, soda amepunguza, anaruka kamba, na bado anahudhuria kliniki kwa sababu wanene wengine tatizo huwabakia. Darasani sasa hasinzii. Na siku hizi hapa kwetu kila mzazi anaulizwa kabla ya upasuaji kama mtoto anakoroma na kama mkoromo hukatika.

Sasa niseme lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Metroni alitaka maelezo ya siku ile. Mzee Lukmani aliandika kwamba yeye na Mama Benadetha, yaani mimi, waliona mtoto hapumui vizuri, wakasimamisha machela. Tukapewa vyeti vya pongezi, sote wawili. Nilimfuata nikamwambia, Mzee, mimi sikuona kitu. Akasema, "Mama Benadetha, na wewe una kazi ya kulinda. Chukua." Nikachukua. Nikakitia fremu, nikakitundika sebuleni kwangu Nshambya, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Wageni wamekisifia. Kwa padre nimeshaungama, lakini kwenu nilikuwa sijasema.

Leo nasema. Machela ile aliisimamisha mtu mmoja, mwenye barua ya onyo kwenye faili, tena akiwa amekwisha kuchekwa. Mimi nilikuwa nasukuma. Cheti nimekitoa kwenye fremu na kukirudisha kwa Metroni asubuhi hii.

Unisamehe, Mzee Lukmani, na asante kwa niaba ya wote uliowasukuma na yule uliyekataa kumsukuma. Mungu wetu sote awatunze wewe na Mama Nuriat huko Kimwani mnakorudi, migomba isitawi, na miaka iliyobaki iwe mingi na yenye afya.

Benadetha Rugaibula
Mhudumu, idara ya upasuaji