Absalom Pynn Anawasubiri Wamarekani

Nyuma ya ghala la Absalom Pynn, katika bandari ndogo ya Newfoundland, koloni la Kiingereza, kulikuwa na benchi ambalo halikuwahi kukosa watu wala ubishi. Asubuhi hiyo skuna, jahazi la tajiri Hiscock mnunuzi wa samaki, ilikuwa gatini, safari yake ya mwisho kabla ya barafu, ikipokea samaki wakavu na kuwalipia kwa unga wa kuvusha majira ya baridi. Kila nyumba ilikuwa imeshapakia isipokuwa ya Absalom. Yeye alikuwa amesikia kwamba koloni limemtuma mjumbe Washington kujadiliana: Wamarekani wapewe chambo chetu, nasi tuingize samaki kwao bila ushuru. Tangu hapo furaha haikumkalisha kitako, na bei ya Hiscock aliiona matusi.

— Usipakie! — alisema Eleazar Tuck, aliyeitwa Gavana kwa sababu aliwahi kufika mji mkuu, St. John's, akarudi na kofia. — Saini ikipigwa tu, Boston nzima inakula samaki wako. Mvumilivu hula mbivu!

— Mbivu gani, na samaki tumewakausha? — aliuliza Tobias, jina lake la kijiweni Kamba, kwa urefu wa maneno yake. — Mimi naihofia Kanada. Jirani ana kijicho yule! Analia kwa Malkia wa Uingereza eti tunapatana na Wamarekani peke yetu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

— Nani kaoza? — aliuliza Gavana.

— Kanada!

— Basi ndiyo maana Wamarekani wanatutaka sisi, — Absalom aliruka. — Watakuja na meli zao kuchukua hapahapa!

— Meli? Watajenga reli juu ya barafu! — alisema Gavana.

— Na rais wao atataka samaki wako tu mezani, Absalom, — aliongeza Kamba. Wa vichanja vyako!

Absalom alijipiga paja kwa raha. Hapo akatokea Selina, mkwewe, aliyeolewa juzi tu kutoka bandari ya pili, na birika mkononi.

— Baba, nahodha anauliza kwa mara ya mwisho. Wanafungua kamba.

— Mwambie aende salama, mwanangu! Sisi tunauza Marekani!

Selina aliwamiminia chai, kisha akasita.

— Samahani, baba. Zile skuna za Wamarekani zilizojaa hapa nje kiangazi kizima, zilikuwa zinavua nini?

— Si samaki hawahawa!

— Zikarudi kwao tupu?

— Tupu wapi! Zilijaa mpaka zikazama nusu.

— Sasa watanunua samaki wako kwa nini?

Gavana alivua kofia, akaitazama ndani. Absalom aliwaona akilini wajukuu wake, akaliona pipa la unga lililobaki vumbi. Alikitupa kikombe, akabeba mzigo wa kwanza wa samaki mabegani na kutimua mbio kwenye gati, wenzake nyuma yake na mizigo yake mingine.

— Vipi, Pynn? — nahodha aliita, skuna ikianza kuacha gati. — Mkataba umetiwa saini?

— Achana na mkataba! Tupa kamba, ndugu yangu! Tupa kamba!