Mama Sahani na Mikono ya Kuazima

Ndugu waombolezaji, hebu vuteni picha ya uwanja wa shule asubuhi, watoto wa darasa la sita wamesimama bega kwa bega, wote mikono mifukoni, na mwalimu mmoja mnene mwenye kicheko anarusha mpira, unawapenya mpaka ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Huyo ndiye dada yangu tunayemsindikiza leo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi cherehani, na tangu jino lake la kwanza kung'oka tulijua damu yake haikatiki upesi. Alihitimu ualimu mwaka 1977, na huko chuoni daktari alimweleza sababu, kwamba damu ina chembe sahani, na juu ya kila chembe kuna vipokezi, mfano wa kengele za mlangoni. Mshipa ukichanika, nyuzi za ukuta wake hubonyeza kengele, habari hukimbia ndani, chembe hubadilika umbo na kumwaga kemikali za kuamsha jirani zake, kisha vipokezi vingine, vilivyo kama mikono, hufunguka na kuzishikanisha, tundu likaziba. Chembe zake zilisikia kengele na kuitana vizuri tu, ila mikono hiyo hazikuwa nayo, kama wale watoto waliosimama mikono mifukoni.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na shemeji yetu, fundi redio, na walipotarajia mtoto mwaka 1983, waliambiwa wazi kwamba kujifungua kungeweza kumwondoa duniani. Siku ilipofika muuguzi alimwambia shemeji atafute sahani haraka, naye akarudi akihema na sahani sita za udongo ndani ya shuka. "Za damu, shemeji, siyo za kulia!" muuguzi akamaka. Basi walimu na majirani wakapanga foleni kutoa damu, dada akapata mikono ya kuazima, na binti akazaliwa, ndiye huyu aliyekaa mbele. Jina la Mama Sahani lilianzia hapo.

Alistaafu mwaka 2016, na nimonia ikamchukua tarehe 9 Juni 2024, baada ya kumtania muuguzi kwamba safari hii sahani hazihusiki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na walimu wenzake, hasa wale walioacha vipindi mwaka ule wa 1983 wakaja kutoa damu. Mpira ukishapenya, dada alikuwa akiwaambia watoto neno moja, nami nawaomba mlikumbuke kila mpitapo hospitali: toeni mikono mifukoni.

Lala kwa amani, dada yangu. Siku ile ya kujifungua, mpira haukupita.