Mwalimu Klachi na Abiria wa Kwanza

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu Klachi, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1971 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili, wa kike, kati ya wanne wa mpiga chapa na mshona sare za shule. Mama yake husema alizaliwa amekunja ngumi mbili mbele, kama mtu aliyeshika usukani. Shahidi ni mama peke yake, basi tumwamini.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda. Akiwa darasa la sita alijitolea kumwelekeza mwalimu mkuu arudishe gari nyuma. Alimwelekeza vizuri sana, moja kwa moja mpaka kwenye mlingoti wa bendera. "Wewe," mwalimu mkuu alimwambia, "hata toroli usiguse!" Alipohitimu sekondari mwaka 1990 alikwenda kujifunza udereva, na mwaka 1995 akaanza kufundisha.

Mwaka 1999 tumbo lilianza kumkata na damu kuonekana chooni. Alificha mwaka mzima. Akiondoka mbio katikati ya somo, alidai anakwenda kupiga simu. Mwishowe alikwenda hospitali, akaambiwa ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana: dawa hazitauondoa, ila utatulia na ataishi. Akasema, "Kumbe! Basi niishi."

Akapanga upya njia zake zote za kufundishia, ili asiwe mbali na choo. Kituo cha mafuta, maktaba, zahanati, kituo cha mafuta tena. Wanafunzi wake waliamini sheria za barabarani zinamtaka dereva asimame kila penye pampu. Na kwa kuwa alitaka gari iegeshwe haraka, hakuna waliowashinda kuegesha. Mtahini akiona gari imeingia kwenye nafasi finyu kama kisu kwenye ala, haulizi nani kafundisha.

Mwaka 2001 alipata mwanafunzi seremala. Somo la kwanza, hata gia ya pili hawajafika, alimwambia, "Egesha hapo. Sasa hivi!" akatoka mbio. Seremala akabaki ameganda, mikono kwenye usukani.

"Mwalimu, ni uendeshaji wangu?" alimuuliza aliporudi.

"Uendeshaji wako ni mbaya, lakini hili ni tumbo."

Kesho yake seremala alikuja na kitasa kipya, akatengeneza mlango wa choo cha kituo cha mafuta walichosimama, uliokuwa haufungi. Wengine huleta maua. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 2002, na mwaka 2004 wakajaliwa binti yao wa pekee.

Mwaka 2009 alijiona mzima, akaacha dawa. "Mgonjwa gani anabeba magunia?" Baada ya miezi mitatu yeye ndiye aliyebebwa. Tangu hapo hakuruka kidonge wala kipimo, na kila mgonjwa mpya aliyemkuta kliniki analia kwa aibu alimwambia, "Dawa ni mkanda wa gari, mwanangu. Huufungi baada ya kugonga. Jua choo kiko wapi, halafu nenda unakotaka." Miaka mingi yeye mwenyewe alikwenda alikotaka.

Mwishoni mwa Januari 2025 ugonjwa uliamka kwa nguvu ambayo dawa hazikuiweza. Tarehe 4 Machi alifanyiwa upasuaji wa kuondoa utumbo mpana, akaamka na maneno yake: "Nimeupa talaka." Tarehe 11 binti yake, aliyemfundisha mwenyewe kwenye pikapu ya karakana ya baba yake, aliingia wodini na leseni mpya. Mama akaitazama sana.

"Kwenye picha hii umefanana na baba yako siku nilipomkimbia garini. Sikiliza. Ijumaa natoka. Abiria wako wa kwanza ni mimi. Usimpakie mtu, hata huyu baba yako."

"Sawa, mama."

Ijumaa tarehe 14 Machi binti alikuja na pikapu imeoshwa, mto umewekwa kwenye kiti. Muuguzi alimpokea kwenye ujia. Damu iliyoganda ilikuwa imefika kwenye mapafu asubuhi ile. Binti alirudi ameukumbatia mto. Baba yake aliposhika mlango wa pikapu, alimwambia, "Baba, kiti kina mtu." Seremala akaufunga taratibu, akaomba lifti kwa jirani.

Siku ya kuuleta mwili nyumbani, kaka mkubwa wa marehemu aling'aka, "Mtoto ana leseni ya wiki moja, ndiye ampakie?"

Seremala, aliyelichonga jeneza mwenyewe, aliuliza, "Shemeji, amefundishwa na nani?"

Binti akaendesha, na gari haikuzimika hata mara moja. Penye kituo cha mafuta, mguu wake ulikanyaga breki wenyewe, kwa mazoea. Mzee wa pampu akatoka mbio na ufunguo wa choo ameunyoosha, kama miaka yote. Halafu akaona kilichopakiwa nyuma. Akavua kofia, akasimama na ufunguo wake mpaka pikapu ikapotea.

Marehemu ameacha mume, binti, mama mzazi, kaka, wadogo zake wawili, na madereva wasiohesabika. Mto ule uko chini ya kichwa chake.

Mwalimu, umefikishwa salama. Pumzika kwa amani.