Cherehani ya Tatu ya Shangazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mwalimu wetu wa Uchumi, unayestaafu leo huku ukijifanya husikii unavyosifiwa:

Jumatatu naingia darasani mwako kushika nafasi yako, na nakiri mbele ya hadhara hii kwamba naogopa. Naogopa swali moja tu: watetezi wa uchumi wa upande wa ugavi, yaani upande wa wanaozalisha, ni akina nani hasa?

Nilipokuwa mwanafunzi wako, wewe ulinipa sifuri kwa swali hilo. Niliandika, kwa mbwembwe zote, kwamba ni matajiri wanaotaka kupunguziwa kodi. Ukaniambia, "Nimekuuliza wanaamini nini, wewe unanitajia nani anafaidika. Nenda kaulize mtu aliye kazini." Ndiyo ilikuwa desturi yako: hakuna kuandika maana ya neno kabla ya kuchafua viatu.

Nikaenda kwa shangazi yangu, fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani tatu, moja imefunikwa shuka.

"Shangazi, hii ni mbovu?"

"Mbovu wapi! Nikiifunua nailipia ada ya leseni kama hizi mbili. Acha ilale."

"Na wakiifuta hiyo ada?"

"Kesho yake asubuhi utaikuta inanguruma."

Nilirudi mbio. Nikakwambia, "Mwalimu, wanaamini hivi: mpunguzie mzigo anayezalisha, naye atazalisha zaidi, ataajiri, na bei zitashuka!" Ukatabasamu, ukanipa alama zangu, kisha ukauliza, "Na hizo nguo atanunua nani?"

Ndugu zangu, swali hilo limeninyima raha miaka kumi na mitano. Maana mwaka uliofuata ada ilifutwa kweli. Shangazi akaifunua cherehani, akamwajiri jirani yake. Kuna miezi walishona hadi vidole vikauma, na kuna miezi jirani alikaa mlangoni akipiga miayo. Sasa nani alikuwa sahihi?

Juzi nikamuuliza shangazi, yule pale safu ya tatu, nani aliagiza nguo ya kwanza kwenye cherehani ile. Akacheka. "Si mwalimu wako? Alikuja siku ileile, akataka mashati manne ya buluu. Akanikataza nisikwambie."

Mwalimu, usiinamishe kichwa. Shati lenyewe umelivaa.

Kwa hiyo Jumatatu sitawapa wanafunzi jibu, kwa sababu bado silijui lote. Nitawatuma wakaulize walio kazini. Nami nitawafuata nyuma kimyakimya, nikiwa na pesa ya shati mfukoni.

Asanteni kwa kunisikiliza.