Wasifu wa Fundi Subiri, Aliyelifuata Gari Linakolia

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina moja tu, Fundi Subiri, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya sita wa mpaka rangi mabehewa. Jina la Subiri alipewa na wateja. Ukianza kumweleza gari lako lina nini, alikukatiza: "Subiri. Washa kwanza." Kisha akainamisha kichwa, nawe ulinyamaza utake usitake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972. Baiskeli ya mwalimu mkuu ilikuwa na pedeli iliyogonga kila ikizunguka. Marehemu aliisikia tangu getini, akanong'ona, "Anakuja," na darasa zima likatulia kama maji ya mtungini. Siku moja mwalimu mkuu alilalamika kuhusu pedeli hiyo, naye marehemu akaikaza kwa koleo hapo hapo. Wiki iliyofuata darasa lote lilifumwa limesimama juu ya madawati. Wenzake walimnunia muhula mzima. Walipomuuliza kwa nini aliwachongea, alijibu, "Ilikuwa imelegea."

Alisomea umakanika chuo cha ufundi kuanzia 1975 hadi 1977, akaajiriwa karakana ya halmashauri, na mwaka 1986 akafungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta. Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye leo ni mjane wake. Mjane husimulia kwamba alijua anaolewa na mtu wa namna gani tangu uchumba, kijana alipokatiza maneno yake matamu na kusema, "Samahani, cherehani yako inaomba mafuta." Aliitia mafuta, akafuta mikono, akaendelea alipoishia.

Sasa lisemwe lile ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisemwe. "Siku mkisoma habari zangu," alituusia, "msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Tarehe 3 Septemba 1996, mkunga wa kliniki ya kilimani alileta gari lake dogo, akasema likishuka mteremko linagonga mbele, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Marehemu alikuwa na haraka zake. Alilizungusha uwanja wa kituo cha mafuta mara mbili, hakusikia kitu. "Mama, gari lako zima. Nenda salama." Siku mbili baadaye, kwenye mteremko huo huo, jointi ya chini ya gurudumu la mbele ilikatika na gari likaingia mtaroni. Mkunga alivunjika mguu wa kulia, na hadi leo anachechemea.

Marehemu alikwenda wodini, kofia mkononi. "Kosa ni langu," alisema. "Sikulipeleka mteremkoni."

"Ungeniuliza linalia wapi, ningekuonyesha," mkunga alimjibu, akageukia ukutani.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini marehemu hakukaa kuyatazama. Alipaka mlango wa gereji maneno mekundu: TWENDE LINAKOLIA. Tangu hapo hakutoa jibu akiwa uwanjani. Mteja alishika usukani mwenyewe, kwa barabara yake, kwa mwendo wake, na mzigo wake ndani. Marehemu alizima redio, akakaa mbele, kisha akahamia nyuma, kushoto na kulia. Muuza viazi aliyeleta pikapu tupu alirudishwa akajaze magunia kwanza. Mwalimu mmoja alizungushwa kilomita arobaini, ikaonekana kinacholia ni kijiko kilichodumbukia ndani ya mlango. Mwalimu aliona haya, marehemu hakucheka hata kidogo.

Na kila Januari alimpelekea mkunga salamu: "Lete gari nilisikilize." Kila Januari jibu lilirudi: "Nina fundi wangu." Miaka ishirini na saba. Ilimuuma, wala hakuficha. Binti yake wa kwanza, aliyejifunza kazi kwake, alimwambia, "Baba, akufukuzaye hakwambii toka."

"Huyu ameniambia kabisa," alijibu, "na mwakani nitamuuliza tena."

Mwaka 2021 alipatikana na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza kuinama na kunyanyua vitu, naye marehemu akamwachia binti spana. Masikio, alisema, daktari hakuyataja. Tarehe 11 Februari 2024 mkunga, sasa mstaafu, aliingia gereji na gari linalovuma, lililowashinda mafundi watatu.

"Mguu sijakusamehe," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya gari."

"Inatosha," alisema marehemu. "Twende."

Alipandishwa garini kwa kushikwa mkono. Mteremkoni alimwomba mkunga apinde kidogo kushoto, kisha kulia. Walipopinda kulia, uzito ukaelemea kushoto na mvumo ukazidi. "Beringi ya mbele, kushoto," alisema. Binti aliifungua, akaikuta imekwisha kabisa.

Wiki mbili baadaye moyo ulimzidia, akalazwa. Mkunga alifika, akavuta kiti.

"Limetulia," alisema.

"Umelijaribu wapi?"

"Mteremkoni."

"Na watu wangapi?"

"Peke yangu."

"Basi bado. Jaza watu."

Alifariki tarehe 2 Machi 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja wa kiume, wajukuu watano na dada mmoja.

Haya ya mwisho hayamo kwenye ratiba mlizoshika, yameongezwa kwa kalamu. Leo saa tatu asubuhi mkunga alisimamisha gari lake mlangoni kwa marehemu. Aliwapakia mjane, dada na mabinti wote wawili, akapita njia ndefu ya kliniki. Mteremkoni alisema watu wanyamaze, akashusha vioo. Walisikiliza wote watano mpaka chini.

Fundi, limetulia, na watu watano. Sasa nawe pumzika kwa amani.