Mama Gichuru wa Vitabu vya Asante

Maisha ya marehemu Lydiah Ayuma Ng'ang'a, kama yalivyoandikwa na mdogo wake, Perez Kweyu. Joska, Ijumaa, 21 Machi 2025.

Kabla sijaanza, mjue kwamba mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Bwana Kiarie, aliniomba kwa upole niandike kwamba dada yangu aliugua kwa muda mfupi. "Perez, watu wanakuja na basi kutoka Kware," aliniambia. "Tusiharibu siku." Namheshimu Bwana Kiarie. Lakini Ayuma hakuugua. Kuna mtoto hapa ambaye ataishi na lawama isiyo yake nikiandika uongo, na mimi sitamfanyia hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1974 huko Butere, kifungua mimba wa Mzee Kweyu na Mama Rasoa. Mwaka wa 1979 baba alipata kibarua Nairobi, familia ikahamia Mowlem, kwenye chumba kimoja ambamo sisi wengine tulizaliwa.

Alisoma shule ya msingi hapo jirani hadi darasa la nane, mwaka wa 1988. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu mmoja akaona huo ni ukaidi. Alimpiga na rula ya mbao mpaka akamvunja kidole. Kidole kilipona kikiwa kimepinda, na siku ile bandeji ilipotolewa Ayuma alishika kalamu kwa mkono uleule wa kushoto. Alifika kidato cha pili, baba akafariki, karo ikakosekana.

Mwaka wa 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha katoni huko Viwandani. Alikaa pale hadi mwaka wa 2020, kiwanda kilipopunguza watu. Baada ya hapo aliuza mandazi getini kwetu Kware asubuhi, mandazi makavu kweli, na mkimlalamikia alikuwa akiwaambia mnunue chai.

Alifunga ndoa na marehemu Samuel Ng'ang'a, fundi wa kuchomelea kutoka Murang'a, mnamo Desemba 1998. Wazee wa pande zote mbili walinuna, kisha Gichuru akazaliwa na minuno ikaisha. Eve alifuata. Walihamia Kware mwaka wa 2009, wakanunua kiploti hiki cha Joska tuliposimama kwa kujinyima sana, na Ng'ang'a akawa wa kwanza kulala hapa, mwaka wa 2017.

Sasa nije kwa vitabu. Jumamosi moja ya mwaka wa 2021, Ayuma alipanda juu ya ghorofa kuanua nguo akawakuta watoto wa ploti yetu ya kupanga huko Kware wakicheza. Walikuwa wamemvisha mwenzao tairi la pikipiki shingoni. Mmoja alikuwa na chupa ya maji, hiyo ndiyo petroli, na wengine walipiga makofi wakiimba, "Choma! Choma!" Yule mwenye tairi alikuwa akilia kweli. Mchezo huo hawakuutoa mbali; walikuwa wameuona barabarani wiki hiyo, wengine wakiwa wamebebwa mabegani na baba zao ili waone vizuri.

Ayuma alimvua mtoto lile tairi. Hakumpiga yeyote. Alishuka kwake, akarudi na vipande vya katoni, karatasi na gundi aliyoipika kwa unga wa ngano, akawaambia, "Leo tunatengeneza vitabu." Wakaanza kumwita mwalimu, na kila Jumamosi tangu hapo, mtoto aliandika jina la mtu mmoja na jambo zuri alilotendewa na mtu huyo. Lakini ukurasa haukubandikwa kitabuni hadi mtoto amwendee mwenyewe na kumwambia asante kwa mdomo wake. Kama hujasema, karatasi yako inabaki mkononi. Wengi wenu hapa mmewahi kugongewa mlango na mtoto wa Ayuma. Mwenye bucha alilia mbele ya wateja.

Kui, mwenye umri wa miaka minane, aliandika jina la Nthoki, fundi wa nguo aliyemshonea sweta ya shule bila malipo kabla ya kuhamia Komarock. Karatasi ilikaa mkononi wiki nyingi. Ndipo Jumamosi, tarehe 8 Machi, Ayuma akamwomba Nzivo, anayeshika funguo za ploti yetu, ampeleke. Mama yake Kui alikuwa ametoka alfajiri kufua nguo za watu na simu yake ilikuwa imezima. Ayuma alidhani watarudi mapema. Nthoki alifurahi, akaomba mtoto abaki ale, atamrudisha mwenyewe jioni. Nzivo akarudi peke yake.

Mama yake Kui alifika nyumbani, akakosa mtoto, akapiga mayowe. Watu wakasema alionekana na Nzivo. Walipomuuliza, alijibu ukweli: "Nimemwacha Komarock." Hawakungoja sentensi ya pili. Walimburuta nje ya geti kwa kola. Walimpiga kwa mawe ya ujenzi, kwa nondo, kwa mateke ya uso, na mtu akatumwa kituo cha mafuta.

Ayuma alitoka na aproni yake, akawasukuma watu, akalala juu ya Nzivo. "Mimi ndiye niliyemtuma! Mtoto yuko kwa fundi, ngojeni!"

"Kumbe mathe ako ndani ya hii kitu," mmoja akasema.

"Basi wapewe wote," akajibu mwingine.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilipasua fuvu la kichwa, na hata alipoacha kusema waliendelea. Waliacha walipomwona Kui akija na Nthoki, ameshika mkate, akiuliza kwa nini mwalimu amelala chini. Hapo kila mtu akakumbuka ana chakula jikoni.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Jumapili alifungua macho mara moja, akauliza kama Nzivo anapumua. Nilimwambia anapumua. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi. Nina hasira, na sitaificha kwa sababu nimevaa nguo nzuri.

Huko Kware mtu mzima alimwambia Kui kwamba safari yake ndiyo iliyomuua mwalimu. Tangu siku hiyo mtoto hasemi. Kui, sikiliza, nasoma hili mbele ya wote: wewe ulienda kusema asante. Mwalimu wako aliuawa na watu waliorusha mawe, na wanajijua, na wengine wao wanashikilia programu hii.

Marehemu ameacha wanawe, Gichuru na Eve, sisi nduguze, watoto wa Jumamosi, Kui akiwa miongoni mwao, na Nzivo, aliyepoteza jicho, ambaye leo ameketi karibu na jeneza kwa ombi la wana wa marehemu.

Kaburi litafukiwa na hao niliowataja, na kila mtu ambaye mkono wake ulikuwa mtupu siku ile. Ayuma apumzike kwa amani. Uliyeshika jiwe, usiguse koleo.