Kinanda Kilichokuwa Mvunguni

Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa salamu aliyoizoea kwao. Mwenyekiti ameniambia katika mkutano huu wa wenye viungo vilivyoumia mtu haketi kabla hajaonyesha kilichomleta, basi tazameni. Mkono wa kushoto. Kidole cha kati na cha pete havikunjiki. Nikiagiza juisi ya miwa kwa ishara, naletewa glasi mbili. Mzee wa mkongojo, cheka tu, nimeshazoea.

Mimi nilikuwa mpiga gitaa. Si gitaa la taarabu, la. Roki. Hapa hapa Malindi, tulikuwa watu watatu tukipiga roki, na shangazi yangu aliyenilea akilalamika kwamba kelele zetu zamfukuzia wateja wa mahamri. Mimi gitaa la solo. Dada mmoja wa Marafa akiimba na kupiga gitaa la besi. Na kaka mmoja aliyetoka bara kuja kufanya kazi ya hoteli kule Bofa, akanaswa na drumu hadi leo. Majina sitaji, wenyewe wanajijua. Tulikuwa tumetoa albamu mbili, na watu wakiitaja bendi, walimaanisha gitaa langu. Wa kwanza kusema hivyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Basi alasiri moja tulikuwa na wageni nyumbani, nikataka kuwaonyesha ujuzi wa kufungua dafu. Dafu kiganjani, panga mkono wa kulia, na mdomo nao waongea. Panga likateleza. Hospitali walinishona vizuri, Mungu awalipe, lakini kano za vidole viwili zilikuwa zimekatika. Daktari akasema, ukija kwenye mazoezi kila wiki vitarudi kiasi. Nilienda mara tatu. Yule bibi wa mazoezi alinipa sifongo niifinye, na pembeni yangu ameketi nyanya mmoja aliyepooza, akiifinya ya kwake kunishinda. Nikaona aibu, nikaacha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu humu ndani wamo wawili watatu walioacha. Mnajijua.

Wenzangu walingoja. Mwezi, miwili, mitano. Nikajaribu kuligeuza gitaa nilipige kwa mkono wa pili, zikatoka kelele hata mimi nikajionea haya. Siku moja yule dada akaja, akaketi barazani, akaniambia, "Kaka, albamu mpya haitakuwa na gitaa hata moja. Tumeamua. Ni vinanda vya umeme mwanzo mwisho."

Nyinyi mngesikia nini? Mimi nilisikia: huna kazi nasi tena. Alikuwa hajamaliza, nami nikamkata. Nikamwambia vinanda ni vya kuchezea maharusi, na kama wamechoka kuwa wanamuziki, basi yeye arudi kwao Marafa akawatembeze watalii korongoni kama zamani. Maana ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya bendi, na alinihadithia mwenyewe, kirafiki, jinsi alivyokuwa akidharauliwa kule. Nikaichukua siri yake nikampigia nayo. Aliutazama mkono wangu, akavaa ndala zake, akaenda zake.

Nikamwagiza shangazi: yeyote wa bendi akija, mwambie nimelala. Sitaki habari zao, sitaki kuona kitu chao. Na kweli nikalala, ndugu zangu. Nalala mchana, naamka kula, narudi kulala. Msikitini mkono uko ndani ya mfuko wa kanzu. Arusi za jamaa siendi, naogopa mtu asije akaniuliza, "Mwapiga wapi siku hizi?" Niliona maisha yangu yamekwisha, na aliyeyamaliza ni yule dada wa Marafa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwa sababu kulilaumu dafu nisingeweza.

Asubuhi moja shangazi ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nimesimama mlangoni kulalamika, kama kawaida yangu. "Watu wazima wale, wameacha nyuzi, wabofya vinanda."

Hakuinua kichwa. "Na babuyo alipiga nini?"

"Si lile gitaa lake la kizamani."

"Hakuna aliyeliita gitaa. Lilikuwa likiitwa kinanda. Mti, ngozi na nyuzi, kinanda. Kikaja cha kubofya, chenye upepo ndani, watu wakakiita kinanda. Sasa hiki cha umeme, kinanda vile vile. Neno limehama nyumba mara ngapi na halikulia. Walia wewe."

Akakuna, akakuna, kisha akasema, "Yule binti wa Marafa alirudi, wajua."

Sikujua. Alirudi wiki ile ile niliyomtukana.

"Nikamwambia umelala, kama ulivyoniagiza. Alikuja hana lile gitaa lake mgongoni. Kumuuliza, aniambia amebadilishana na fundi mmoja wa Mombasa, kapewa kinanda. Nikamwambia hongera, mwanangu. Akasema, 'Si changu, shangazi. Ni cha huyo aliyelala. Gitaa haliwezi tena, na sisi hatupigi kitu asichokiweza.'"

"Kiko wapi?"

"Chumbani kwangu. Si ulisema hutaki kuona kitu chao?"

Miezi minne. Ukuta mmoja kati yangu nacho, na mimi nimelala upande huu nawalaani.

"Basi nitolee, shangazi."

"Mimi mgongo waniuma. Kiko mvunguni. Na mtaka cha mvunguni?"

Niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikainama hadi paji la uso likagusa sakafu, nikakivuta kwa mkono huu huu mbovu. Kilikuwa kimefungwa kwa leso ya yule dada. Nililia pale chini, na sioni haya kuwaambia.

Nikakiwasha. Sasa sikilizeni, wenye viungo vilivyokakamaa. Noti ya gitaa ukishaipiga, papo hapo yaanza kufifia. Hii ukiibonyeza yabaki mpaka uachie. Na hivi vidole viwili, kukunja havijui, lakini kushikilia vyajua. Nilishikilia noti ile mpaka shangazi akapiga kelele kutoka jikoni kwamba mtikisiko wafanya nazi imwagike.

Kesho yake nikakibeba kinanda hadi Bofa, kwenye ghala la hoteli wanapofanyia mazoezi ya bendi. Nikasimama mbele ya yule dada nikamwambia, "Yale maneno ya Marafa, nimekuja kuomba radhi."

"Sijayasahau," akasema.

"Najua."

Akanisogezea kiti mbele ya kinanda. "Keti. Shika noti hii. Usiachie hadi nikwambie."

Nikashika. Akaimba wimbo mzima hakuniambia. Akaimba wa pili. Mkono wauma hadi begani, jasho lanitoka, nami nimeshika. Wimbo wa tatu ulipokwisha ndipo akasema, "Haya." Yule kaka wa drumu akafuta uso, akaniambia, "Na wewe usijipe sifa. Tulikuwa tumechoka kubeba zile spika za gitaa."

Siku hizi tumo kazini. Nyimbo tisa zimekamilika, hazina hata uzi mmoja. Wapenzi wetu wa zamani wengine wametukimbia, wasema tumeharibikiwa. Sawa, wakimbie. Sisi tutapiga. Na kwenye mazoezi ya mkono nimerudi, kila Jumanne. Yule bibi hakunigombeza hata neno, alinipa sifongo. Nyanya yule sasa atembea mwenyewe hadi stendi.

Nawashukuru hao: bibi wa mazoezi, kaka wa drumu, na shangazi yangu, ambaye angeweza kukitoa kile kinanda siku ya kwanza, akaona bora niiname mwenyewe. Niliyojifunza ni machache. Mtu akija kukwambia jambo, mwache amalize. Na usimwagize mtu aseme umelala, maana vingine huletwa mara moja tu.

Kinanda nimekuja nacho, hicho pale. Yule dada nisiyemtaja jina ameketi karibu na mlango, naye ataimba. Kazi yangu mimi ni noti moja. Nikishaishika, siiachii hadi aniambie.